Acha kupiga picha kompyuta kwa simu: namna ya kuchagua programu ya skrinshoti za kazi

Kila wiki napokea ile picha. Mtu yuko Kasulu, au Uvinza, au hapa hapa Kigoma mjini, Mwanga mtaa wa pili tu, kompyuta imemletea ujumbe asiouelewa, anachomoa simu anaipiga picha skrini, inanifikia imejaa mistari ya rangi rangi, mwanga wa dirisha umekaa pale pale penye maneno, na kwenye kona kuna kidole gumba. Chini kaandika "kaka hii inamaanisha nini". Nami nitajuaje sasa.

Halafu kuna kundi la pili, hawa ndo wengi zaidi siku hizi: anahamishwa kituo, bosi kamwambia aache maelezo ya kazi kwa anayekuja, au ana steshenari na kijana mpya kila baada ya miezi mitatu na amechoka kumfundisha kila mmoja namna ya kujaza zile fomu za mkopo wa chuo. Wote wanauliza swali moja, "programu gani nzuri ya kupiga skrini?", yaani ya kuchukua skrinshoti, picha ya kinachoonekana kwenye kompyuta, inayopigwa na kompyuta yenyewe bila kamera. Nimejibu hili swali mpaka nimechoka, kwa hiyo naliandika hapa mara moja, atakayeuliza tena namtumia hii.

Na jibu la swali lenyewe ni kwamba hakuna programu nzuri, kuna inayofaa kazi yako. Wavu wa migebuka ni mzuri sana lakini ukienda nao kuvua dagaa utarudi Kibirizi na maji tu.

Kabla hujaanza, kuwa na hivi

- Ujue kompyuta yako ina Windows gani. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, piga Enter, itakuambia. Usikisie, maana kuna mambo Windows 11 inayo na 10 haina.
- Ujue RAM, ile kumbukumbu ambayo kompyuta inaitumia ikiwa kazini. Bonyeza Ctrl + Shift + Esc, nenda Performance, angalia Memory. Kama ni GB 4 kuna vitu nitakuambia uviache.
- Nafasi kwenye diski. Kwa picha hata GB 2 inakutosha mwaka mzima, kwa video anza kufikiria GB 20 na kuendelea.
- Kazi moja ya kweli unayotaka kuiandikia maelezo. Sio ya kujaribia, ya kweli.
- Kama kompyuta ni ya ofisi, ruhusa ya kuinstoli. Kompyuta nyingi za ofisi zinadai neno la siri la msimamizi, usije ukamaliza bando kushusha programu ambayo haiingii.

Chaji iwe imejaa. Sielezi kwa nini, umeme wa mji wetu unaujua.

Hatua ya 1: Jua nani atasoma

Hapa watu wengi wanaruka na ndo wanapokosea yote yanayofuata. Kuna skrinshoti za ushahidi, yaani umetuma ombi, umepata kontroli namba, unataka ubaki na kitu cha kuonyesha kesho wakikuruka. Kuna za kuomba msaada, unamwonyesha fundi tatizo. Na kuna za kufundisha, mtu afuate hatua kwa hatua mpaka amalize wewe ukiwa haupo.

Za ushahidi zinataka ukurasa mzima, pamoja na anwani ya tovuti juu na saa na tarehe pale chini kulia. Za msaada zinataka ujumbe wa kosa wote bila kukatwa, hata ile namba ndefu usiyoielewa, hasa hiyo namba. Za kufundisha zinataka kinyume chake, sehemu ndogo tu ya skrini na mshale mmoja, kwa sababu ukimwekea mtu skrini nzima hajui aangalie wapi.

Andika kwenye karatasi, yako ni ipi kati ya hizo. Kama ni zote tatu andika ipi unaifanya kila siku.

Hatua ya 2: Amua picha au video

Vijana wote wanataka video. Mimi nakuambia anza na picha, video iwe ya kulazimika.

Piga hesabu. Video ukiirekodi kwa kasi ya kilobiti 2500 kwa sekunde, dakika 10 zinakuja karibu MB 190. Mwenzako wa Kibondo anayenunua bando la siku atakuchukia. Picha ya skrini ya kawaida mara nyingi haifiki hata MB 1, hatua 20 zote zinaingia kwenye faili moja la Word na anaweza kuprinti akabandika ukutani pembeni ya kompyuta. Video huwezi kubandika ukutani. Tena mfumo ukibadilika kitufe kimoja, kwenye maelezo ya picha unabadilisha picha moja tu, kwenye video unarekodi upya yote.

Video inafaa pale ambapo mwendo wenyewe ndo somo: kuburuta kitu kutoka huku kwenda kule, kuhariri picha, au tatizo linalotokea nusu sekunde likapotea. Zaidi ya hapo ni mbwembwe.

Hatua ya 3: Tumia kwanza kilichomo kwenye kompyuta

Kabla ya kushusha chochote. Watu wanashangaa nikiwaambia programu wanayoitafuta wanayo tangu siku waliponunua kompyuta.

Windows + Shift + S. Skrini inafifia, unachora boksi kwenye unachotaka, imekopiwa, unaenda Word unapesti kwa Ctrl + V. Hii peke yake inamtosha nusu ya wanaoniuliza. Angalizo: kwenye Windows 10 ukipiga hivo picha inakaa kwenye klipubodi tu, yaani pale kompyuta inaposhika kwa muda ulichokopi, ukikopi kitu kingine imeondoka, kwa hiyo bonyeza ile notisi inayotokea kwenye kona uisevu. Windows 11 inaisevu yenyewe kwenye folda ya Screenshots ndani ya Pictures.

Windows + PrtScn (kitufe cha Print Screen) inapiga skrini nzima na kuisevu moja kwa moja kwenye folda hiyo hiyo, Windows zote mbili. Nzuri sana kwa ushahidi.

Alt + PrtScn inachukua dirisha moja tu unalolifanyia kazi, sio mitandao yako ya kijamii iliyoko nyuma.

Windows + V inaonyesha vitu 25 vya mwisho ulivyokopi, ukiiwasha. Imeshaniokoa.

Kurasa ndefu za tovuti, zile fomu zinazoteremka mpaka mkono unachoka, fungua kwa Firefox, bonyeza upande wa kulia wa mausi, chagua Take Screenshot, halafu Save full page. Ukurasa wote unakuja picha moja ndefu. Edge nayo inafanya, Ctrl + Shift + S. Hapa nimewaona watu wakipiga vipande sita na kuviunganisha kwenye Paint kama mafundi viraka.

Video: Windows 11 ile Snipping Tool yenyewe inarekodi. Kwenye Windows 10 kuna Xbox Game Bar, Windows + G, lakini inarekodi programu moja tu, haikubali desktopu yenyewe wala File Explorer, kwa hiyo ukitaka kumwonyesha mtu namna ya kukopi mafaili kwenye flashi hiyo haikusaidii.

Na kuna moja ya kale naipenda kupita kiasi, Steps Recorder. Ilikuja na Windows 7. Andika psr kwenye Start, bonyeza Start Record, fanya kazi yako, kila unapoklik inapiga picha na kuandika umeklik wapi, ukimaliza inakupa ripoti nzima. Kwa kumtumia fundi tatizo sijaona kitu rahisi zaidi. Kasoro zake ni kwamba inashika picha 25 za mwisho tu mpaka ukaongeze kwenye settings, na Microsoft wameshatangaza kwamba wataiondoa, kwa hiyo itumie ikiwa ipo ila usijenge nyumba juu yake.

Wenye Mac: Command + Shift + 5, inapiga picha na kurekodi, hamhitaji kusoma hatua ya 4.

Hatua ya 4: Kikikushinda hicho, chagua moja kati ya hizi

Utajua kimekushinda ukianza kuchora mishale kwa Paint kila picha. Hapo sasa tafuta programu. Hizi nne zote ni bure, bure ya kweli, sio ile ya siku 15.

Kama unaandika maelezo ya hatua kwa hatua na una kompyuta ya kawaida ya Windows, chukua Greenshot. Ni ndogo, haisumbui RAM, ukipiga picha inakuuliza unaipeleka wapi, na kihariri chake kina mishale, maboksi na zile namba za duara 1, 2, 3 ambazo zinajihesabu zenyewe. Kwa mtu wa ofisini au steshenari mimi ningeishia hapa.

Kama unataka kila kitu, picha ya ukurasa mrefu unaoteremka, GIF fupi (picha inayocheza), kusoma maandishi kutoka kwenye picha, kubadili majina ya mafaili, chukua ShareX. Ina nguvu kweli ila menyu zake ni nyingi mpaka kichwa kinauma, mama mmoja nilimwekea akanipigia siku ya pili kwamba nimtoe hilo "jumba". Ukiiweka, kitu cha kwanza nenda After capture tasks uhakikishe Upload image to host haijawashwa, hutaki skrinshoti ya mishahara ipande mtandaoni bila wewe kujua.

Wenye Linux, Flameshot. Unachora mishale palepale juu ya skrini kabla hata ya kusevu. Ubuntu ni sudo apt install flameshot, basi. Inapatikana pia Windows.

Video, OBS Studio. Ni ile ile wanayotumia watu wa kurusha matangazo, kwa hiyo usiogope vile vitufe, unahitaji Display Capture na Start Recording tu. Kama RAM yako ni GB 4 funga kila kitu kingine, nenda Settings, Video, shusha ukubwa uwe 1280x720 na FPS (idadi ya picha kwa sekunde) weka 20, mausi inayotembea haihitaji zaidi. Na sikiliza hapa vizuri, kwenye Output chagua Recording Format, yaani aina ya faili la video, iwe MKV. MP4 ya kawaida umeme ukikatika katikati faili lote limekufa, MKV unabaki na chote ulichokwisha kurekodi. Baadaye unaibadilisha kuwa MP4 kwa File, Remux Recordings, haichukui hata dakika. Nilipoteza somo la dakika 35 kabla sijalijua hili, nilikaa nimeinyamazia skrini nyeusi kama mtu aliyefiwa.

Hatua ya 5: Ishushe kutoka nyumbani kwake

getgreenshot.org, getsharex.com, flameshot.org, obsproject.com. Andika hizo juu pale kwenye anwani, usitafute "screen recorder free download" ukabonyeza kitufe cha kijani cha kwanza, vile vitufe vikubwa vya Download vingi ni matangazo. ShareX ipo pia kwenye Microsoft Store kama unaogopa.

Na mambo ya kukraki, yaani programu ya kulipia iliyovunjwa ili itumike bure. Najua kuna programu nzuri za kulipia, Snagit kwa mfano, ni nzuri kweli na ofisi ikikulipia kubali. Ila hiyo ya kwenye flashi ya rafiki yenye faili la kuzimia antivairasi kwanza, hapana. Kijana mmoja aliniletea laptopu ya ofisi yao hivo, mafaili yote yamebadilishwa majina hayafunguki, alikuwa anataka tu programu ya kupiga mishale.

Hatua ya 6: Ijaribu kwa ile kazi yako ya kweli

Chukua ile kazi uliyoandaa mwanzo, ifanye kuanzia mwanzo mpaka mwisho huku unapiga. Kisha angalia haya tu:

1. Kutoka kupiga mpaka picha kuwa na mshale umebonyeza mara ngapi? Zikizidi tano utaiacha baada ya wiki.
2. Umeweza kupiga menyu iliyofunguka bila kufunga? Kama inajifunga, tafuta Delay (kuchelewesha kupiga), sekunde 3 au 5, unabonyeza kisha unakimbilia kufungua menyu.
3. Imesevu kama faili la aina ya PNG? Maandishi kwenye JPG yanakuwa na vumbi pembeni ya herufi, JPG waachie picha za harusi.
4. Mtu ambaye hajawahi kuifanya kazi hiyo ameweza kuifuata? Mpe, kaa kimya, usimwelekeze. Pale atakapokwama ndo panakosa picha.

Hiyo ya nne inauma ila usiiruke. Nilimpa binti wa mapokezi maelezo yangu niliyojivunia sana akakwama hatua ya pili, nilikuwa nimeandika "ingia kwenye mfumo" wakati yeye hajui mfumo unafunguliwa wapi.

Hatua ya 7: Panga folda na majina

Faili linaloitwa Screenshot 2 (14) halina maana kesho. Tengeneza folda kwa kila kazi, na majina yaanze na namba: 01-kuingia, 02-kujaza-jina, 03-kuweka-picha. Weka 01 sio 1, la sivyo kwenye baadhi ya programu hatua ya 10 itakaa kabla ya hatua ya 2. Za ushahidi zianze na tarehe, mwaka kwanza, 2025-03-14, zinajipanga zenyewe. Greenshot na ShareX zote unaziwekea mtindo wa majina mara moja zinaendelea hivo.

Nakala nyingine weka kwenye flashi, Ijumaa, kabla ya kwenda kula dagaa.

Hatua ya 8: Ficha ya watu

Ukipiga skrini ya kazi unapiga pia namba za NIDA, namba za simu, majina, akaunti za benki za watu ambao hawajui kwamba wapo kwenye maelezo yako. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, sio mambo ya utani tena.

Njia safi kuliko zote ni kutumia mtu wa kubuni. Jaza "Jina Lako Hapa", namba za sifuri sifuri, kisha piga. Kama haiwezekani funika kwa boksi jeusi lililojaa kabisa. Usitumie ile ya kufifisha au kuweka vipande vipande, kwa namba na maandishi mafupi wapo wanaoweza kuifumbua.

Na usiamini sana kukata. Mwaka 2023 iligundulika kwamba picha zilizokatwa kwa Snipping Tool ya Windows 11 na Snip & Sketch ya Windows 10, ukizisevu juu ya faili lile lile, sehemu iliyokatwa ilikuwa inabaki ndani ya faili na inaweza kurudishwa, simu za Pixel za Google nazo zilikuwa na ugonjwa kama huo. Microsoft walitoa apdeti Machi mwaka ule ule, lakini kompyuta ngapi hapa mjini zimezimwa apdeti ili kuokoa bando? Ukishaficha, sevu kama faili jipya, tuma hilo.

Makosa ninayoyaona kila siku

Mishale sita kwenye picha moja. Picha moja, jambo moja.

Picha bila maneno. Mtu anatuma skrini 12 mfululizo hakuna hata sentensi, msomaji anacheza tafuta tofauti. Juu ya kila picha andika mstari mmoja: bonyeza wapi, utaona nini.

Kutuma kwa WhatsApp kama picha. Inaminywa, maandishi yanakuwa ukungu. Bonyeza kile kialama cha kuambatanisha, chagua Document, ndo itafika ilivyo.

Kuinstoli programu tatu kwa mpigo. Zote zinagombania kitufe cha PrtScn halafu unanipigia simu usiku.

Ikigoma

*Nabonyeza PrtScn hakuna kinachotokea.* Laptopu nyingi inabidi ushike Fn pamoja nacho. Bado? Kuna programu nyingine imekiteka, mara nyingi OneDrive, nenda kwenye settings zake uondoe tiki ya kusevu skrinshoti.

*OBS inarekodi skrini nyeusi.* Laptopu yako ina kadi mbili za picha. Nenda Settings za Windows, Display, Graphics, iongeze OBS, Options, chagua Power saving, kisha ifunge na kuifungua upya. Ukikuta nyeusi ni dirisha moja tu, la filamu za kulipia kwa mfano, hilo limezuiwa makusudi, sio wewe.

*Picha ni safi lakini ndani ya Word ina ukungu.* Word inaziminya yenyewe. File, Options, Advanced, shuka mpaka Image Size and Quality, weka tiki Do not compress images in file. Fanya kabla ya kupesti, zilizokwisha kuminywa hazirudi, zitoe uziweke tena.

*Video haina sauti yangu.* Kwenye OBS angalia Audio Mixer, ukiongea ile michirizi ya Mic/Aux lazima icheze. Haichezi, nenda Settings, Audio, chagua maiki kwa jina lake badala ya Default. Rekodi sekunde 10 usikilize kabla ya kurekodi dakika 10.

*Kila kitu kimekaa vizuri ila mwenzangu anasema haoni maandishi.* Muulize anafungulia wapi. Nusu ya wakati anafungulia kwenye simu ndogo, na wewe ulipiga skrini nzima ya 1920 kwa 1080. Rudi, piga boksi dogo.